Redio ya Baba Majini

Juzi, katika duka moja la vifaa vya uvuvi huku Greenbelt, Maryland, niliona samaki bandia wa mpira, wale wa chambo, na harufu yao ikanirudisha utotoni, Ghuba ya Chesapeake, kwenye mashua ya rafiki yake Baba. Asubuhi ile Baba alitia ndoana ndani ya samaki kama hao, tukawaburuta nyuma yetu polepole. Simu ya Baba ilikuwa ikitoa nyimbo za kanisa kwa Kikuyu.

"Daddy, hiyo ni redio?"

"Eeh, mami."

"Ongeza sauti basi."

Akaongeza. Mara fimbo ikapinda, uzi ukalia.

"Baba Wanjiru, samaki!" rafiki yake aliita.

Baba hakugeuka. Nilidhani hakusikia. Sasa najua kwamba ile haikuwa redio: saa ile ile, nyumbani Nyeri, Kenya, walikuwa wanamzika mama yake, naye alikuwa akifuata mazishi kwa simu kwa sababu hakuwa na makaratasi ya kumruhusu kurudi Marekani akiondoka. Wimbo ulipoisha alizima simu, akaanza kuvuta uzi.