Ushuhuda wa Muthoki kwenye Kiwanda cha Sabuni

Vuteni viti, na mwenye kutaka kubisha amalize chai yake kwanza, maana haya yalitendeka Mbotela mwaka wa tisini na nne, na kuta za kule bado zipo. Mkitaka mtaziuliza.

Palikuwa na msichana, Muthoki, binti wa Ndete. Alikaa na shangazi yake Mbeti katika nyumba ya kaunsili ya jiji, ya chumba kimoja, zile ambazo ukipika maharagwe jirani wa tatu anajua umetia chumvi kiasi gani. Muthoki alikuwa amemaliza kidato cha nne, mwandiko wake umesimama wima kama askari wa gwaride, na hakuwa mjinga hata kidogo. Shida ilikuwa sauti. Mbele ya wakubwa wa kazi, sauti yake ilishuka tumboni, ikajifungia humo, na ufunguo ikaumeza.

Intaviu ya kwanza aliambiwa aketi, akabaki wima, kwa sababu kwao mtoto haketi kabla ya wazee wote kukaa, na mmoja wa wale wakubwa alikuwa akizungukazunguka chumbani muda wote. Ya pili aliulizwa anajua kazi gani, akajibu, "Sijui sana," ilhali anajua. Lakini mtu atajisifuje mwenyewe mbele ya watu wazima? Ya tatu alijibu maswali yote, na yote sawasawa, ila kwa sauti ndogo hivi kwamba bwana mmoja aliinuka akafunga dirisha, kisha mlango, kisha akatuma mtu hadi Jogoo Road akaombe malori yapunguze ngurumo. Malori yakapunguza. Bado hawakusikia.

Ndipo baba yake mdogo, Maingi, alipoandika kutoka Mwala. Ana mashine ya kusaga mahindi, anahitaji mtu wa kuikalia. "Kama Nairobi haimtaki," barua ilisema, "mwisho wa mwezi naja kumchukua." Muthoki hakuichukia Mwala. Alilichukia lile neno "haimtaki". Akajibu akiomba nafasi moja tu, ya nne. Ikimshinda, atafunga sanduku lake bila ubishi.

Na ya nne ikaja, kupitia sanduku la posta la kanisa: kiwanda cha sabuni huko Industrial Area kilitaka karani wa stoo. Siku zilizobaki kabla ya intaviu zilikuwa kumi na moja.

Mbeti hakupoteza hata moja. Alivuka uwanja mdogo hadi kwa Mzee Kivuva, aliyekuwa amestaafu utarishi katika ofisi moja kubwa mjini. Kazi yake miaka ishirini na mitatu ilikuwa kuwafungulia mlango watu wanaoingia kuhojiwa na kuufunga nyuma yao. Kwa hesabu yake mwenyewe alikuwa amefungulia watu elfu saba, na mmoja wao mara mbili, kwa sababu alirudi kuchukua kofia.

"Mimi ndani sikuingia," alimwambia Muthoki, "lakini nilikuwa najua nani amepita kabla wakubwa hawajajua. Aliyeshindwa huinuka mbio kama kiti kinamchoma. Aliyepita huinuka polepole, na kiti hukirudisha mahali pake."

Saa nane mchana wakapanga chumba. Meza ikafunikwa kitambaa cha krosheti. Nyuma ya meza akaketi Mbeti, na kando yake Mama Wacuka, jirani Mkikuyu aliyeuza nyanya karibu na steji ya matatu, mwanamke ambaye akikazia nyanya mbichi macho huiva kwa hofu. Mzee Kivuva akasimama mlangoni, mahali alipopazoea.

Muthoki akaingia, akaketi, akatazama sakafu.

"Tuambie wewe ni nani," akasema Mama Wacuka.

Muthoki akazidi kuinama.

"Unaketi kama kinyago kinachongoja mtalii," Mzee Kivuva akasema kutoka mlangoni. "Hata kinyago huwa na macho mbele."

"Nyinyi Wakamba mmezidi heshima," Mama Wacuka akasema. "Msichana, nikikuuliza bei ya nyanya utaangalia miguu yangu?"

"Hapana, mama."

"Nani yuko miguuni?"

Muthoki akacheka kidogo, lakini sauti haikutoka. Siku ya pili haikutoka. Siku ya tatu Mama Wacuka akaweka mikono kichwani. "Lakini huyu si ndiye aliyesimama Alhamisi kwenye ushirika akatoa ushuhuda mpaka mama mchungaji akatafuta leso? Sauti ilikuwa ya nani?"

"Kule ni kusimulia tu yaliyotendeka," Muthoki akasema.

"Basi na hapa simulia yaliyotendeka. Toa ushuhuda wa stoo."

"Stoo gani, mama? Sijawahi kufanya kazi."

Mbeti akaweka kikombe chini. "Vyombo vya kanisa vinatunzwa na nani mwaka wa tatu huu?"

Ni kweli. Viti mia mbili na kumi na viwili, maturubai manne, sufuria kumi na tisa kubwa, vyote vya kuazimwa kwa harusi na matanga kutoka Mbotela hadi Donholm hadi Kayole, na mwenye daftari alikuwa Muthoki. Alikuwa hajawahi kuiita kazi. Aliiita kusaidia.

"Simama," Mzee Kivuva akaamuru. "Shuhudia."

Akasimama. "Bwana asifiwe," akaanza, na baada ya hapo maneno yakatoka yamenyooka kama maji ya mfereji siku ambayo kaunsili imeyakumbuka. Mama Wacuka alisahau kuwa mkali.

"Sawa kabisa," Mzee Kivuva akasema alipomaliza. "Sasa kata kichwa na mkia. Usisimame, na usianze na Bwana asifiwe. Ofisini wanaanza na habari za asubuhi."

Wakarudia kila siku. Mama Wacuka alimkatiza, alikohoa makusudi, mara nyingine akamwaga maji mezani katikati ya jibu ili aone atafanya nini. Mara ya kwanza Muthoki alikimbilia kitambaa akasahau alikuwa akisema nini. Mara ya tatu aliinua kikombe, akakiweka wima, akaendelea na sentensi.

"Ukijikwaa," Mzee Kivuva akamwambia, "usirudi kutafuta jiwe. Endelea kutembea."

Siku ya kumi Muthoki na Mzee Kivuva walitembea hadi geti la kiwanda ili miguu iijue njia. Harufu ya sabuni kule ilikuwa kali hata inzi wa Industrial Area walikuwa wasafi kuliko wa Mbotela wote.

Siku yenyewe, Mzee Kivuva akabaki nje kwa bawabu. Ndani kulikuwa na watu watatu: Bwana Kilonzo, mkubwa wa waajiriwa, mwenye tai, mama mmoja aliyeandika, akiitwa Roseline, na mzee aliyevaa koti la kazi lenye mifuko minne, Mwanzia, msimamizi wa stoo mwenyewe. Kilonzo akaanza kwa Kiingereza, Mwanzia akainua mkono. "Kiswahili kinatosha. Masanduku yangu hayajui Kiingereza."

Muthoki alisalimu vizuri. Aliketi alipoambiwa. Macho yakakaa mbele. Kisha Kilonzo akasema, "Tuambie habari zako," na kwa kuwa alitamka kwa upole kama mwenyekiti wa ushirika, miguu ya Muthoki ikamsaliti. Ikasimama yenyewe.

"Bwana asifiwe," akasema.

"Amina," Mwanzia akajibu.

"Amina," Roseline akajibu, kalamu ikiwa hewani. Hata Kilonzo midomo yake ilikwenda kabla hajaizuia.

Muthoki alisikia ile sauti yake ikigeuka kushuka ngazi za tumbo, inajua njia, imeshawahi kupita hapo mara tatu. Akaliona sanduku lake, na kamba ya kulifungia. Kisha akayaona maji ya Mama Wacuka yakitambaa juu ya krosheti.

"Samahani," akasema. "Nimezoea kuanza hivyo nikisimama mbele ya watu. Naketi, niwaambie kazi."

Akaketi. Akawaambia habari za viti, maturubai na sufuria za kanisa. Jinsi kila kitu kinavyotoka na jina la mtu, na kinavyorudi kabla jina halijafutwa.

Mwanzia alisikiliza mikono ikiwa mifukoni. "Umewahi kupoteza kitu?"

Swali hilo hawakuwa wamelifanyia mazoezi. Lakini lilikuwa la kusimulia tu yaliyotendeka.

"Mara moja. Sufuria ya kumi na nne ilienda harusini Kayole. Ikarudi na alama yetu ya rangi nyekundu chini, lakini si yenyewe. Yetu ukiigonga ubavuni inalia nzito, hiyo ililia nyepesi. Mtu alikuwa ameiga alama."

"Ukafanya nini?"

"Nilienda Kayole. Nikaikuta jikoni kwa ami wa bibi harusi, ina githeri motoni."

"Ukaichukua?"

"Nilingoja githeri iive. Kulikuwa na watoto wenye njaa. Nikapakua mwenyewe, nikaosha sufuria, nikawaachia ile yao, nikaja na yetu."

Roseline aliinamisha kichwa juu ya karatasi ili asionekane anacheka. Mwanzia hakujificha.

Muthoki alipotoka, Mzee Kivuva hakumuuliza walisema nini. "Uliinukaje?"

"Polepole."

"Na kiti?"

"Nilikirudisha."

"Twende nyumbani," akasema, na njia nzima hakunena tena, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu azaliwe.

Mwisho wa mwezi Maingi akafika kutoka Mwala na kamba mpya ya kufungia sanduku. Mbeti akampa chai, akampa ya pili, hakumwambia kitu. Saa kumi na moja na nusu Muthoki akaingia, kidole kina wino, koti la kazi la mifuko minne limemfikia magotini, na nyumba nzima ikanukia sabuni hadi kwa jirani wa tatu, yule wa maharagwe.

Maingi akamtazama juu mpaka chini. "Kumbe Nairobi imekutaka."

"Nairobi sijui, baba," Muthoki akasema, akivuta kiti, macho mbele. "Stoo ndiyo imenitaka. Asubuhi nikifungua mlango Mzee Mwanzia husema Bwana asifiwe, na wapakiaji wote hujibu kabla hawajagusa sanduku."

Maingi akaiviringisha ile kamba, akaitia mfukoni. Akasema itafaa kufungia mbuzi.