Daktari Nduku na Maradhi Yasiyokuwepo Pwani

Mwaka 1984 Kamati ya Afya ya Mtoto, baada ya kutafakari kwa kina na kunywa chai mara mbili, ilitamka rasmi kwamba uvimbe wa ubongo ni maradhi ya watoto wa nchi za baridi. Mtoto wa Pwani hapati maradhi hayo. Akiumwa kichwa, ni malaria. Tamko likapigwa mhuri.

Daktari Nduku, aliyekuwa akiyatafiti maradhi hayo hayo, aliachiwa meza yake katika stoo ya vyandarua. Alikuwa Mkamba wa Kangundo aliyepanga chumba mtaa wa Barani, Malindi, mwanamke mpole asiyepata usingizi. Alizunguka sehemu za ndani za Malindi na Kilifi akiwauliza akina mama: mtoto alikuwa akitapika asubuhi bila homa? Alianza kuyumba? Macho yalipishana? Wakiitikia, hakuhitaji kuuliza zaidi, maana mtoto alikuwa ameshazikwa. Utafiti wake ulikuwa na kila kitu isipokuwa mgonjwa.

Kisha akaletwa hospitalini Kahonzi, msichana wa miaka sita, ameshameza klorokwini ya kumtosha mtu mzima. Nduku alimmulika ndani ya macho kwa darubini yake ndogo, akaona mshipa wa nyuma ya jicho umevimba. Kichwani mwa mtoto maji yalikuwa yakijaa bila pa kutokea, uvimbe umeyazibia, na mpasuaji wa kuyafungulia njia na kuuondoa uvimbe alikuwa Nairobi. Alitoka kwenda kupiga simu. Aliporudi alikuta kitanda kitupu: babu wa mtoto, Mzee Kiponda, amemrudisha nyumbani.

Kesho yake asubuhi Landrova ya hospitali ilishika njia ya Kakoneni, kwa Mzee Kiponda. Dereva, Gerishom, alisema kwa mashimo yale watafika mbinguni kwanza. Akaona daktari hacheki, akashika usukani kwa mikono miwili. Nduku aliogopa kumkuta mtoto amekufa. Aliogopa pia kumkuta hai, kwa kuwa hapo ni yeye atakayemkabidhi kwa kisu cha mpasuaji, na si wengi waliorudi kutoka kwenye kisu kile.

“Shikamoo, mzee. Nimemfuata Kahonzi,” Nduku alimwambia Kiponda uani kwake.

“Marahaba. Hapa hakuna mtoto wa jina hilo.”

Wanawake waliokuwa wakipukuchua mahindi wakainamisha nyuso. Nduku aliangaza macho uani akitafuta udongo mbichi wa kaburi. Ndipo mtoto akatokea nyuma ya nyumba, ameshika ukuta, miguu imeachana kama ya mlevi, matapishi kidevuni.

“Kahonzi!” Nduku akaita.

Mtoto akageuka. Mamake akaachia ungo ukaanguka.

“Umefanya nini, daktari?” Kiponda aliuliza. “Huyu ni Kabibi.”

Akaeleza, huku akiitazama njia waliyoijia. Kahonzi lilikuwa jina la marehemu shangazi wa mtoto, na mganga aliona kwamba marehemu huyo ndiye anayemkamata mtoto kichwa. Jana walimvua jina, wakampa jingine, ili maradhi yakija kumuulizia Kahonzi yaambiwe hayupo. Dawa ilikuwa ikifanya kazi. Hata daktari nusura aondoke.

Nduku alikuwa amejiandaa kueleza habari za mshipa wa macho. Akaziacha, akaenda kumshika mtoto mkono. Mzee alikuwa akiogopa, na yeye pia.

“Sasa umeyaonyesha maradhi nyumba,” Kiponda alisema. “Hawezi kulala hapa tena. Mchukue, upesi. Na huko njiani, mama, lile jina usilitamke, hata kwa kunong’ona.”

“Sitalitamka.”

“Na huyo dereva wako, hana mdomo?”

“Mimi nilizaliwa bubu, mzee,” Gerishom alisema, akiwasha gari.

Mama mtu akapanda na mtoto mapajani. Njia nzima hadi Nairobi aligeuka kutazama nyuma, na Nduku, aliyesomea udaktari hadi ng’ambo, akajikuta akigeuka naye.

Mtoto aliandikishwa kwa jina la Kabibi. Nduku alikaa kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji hadi mpasuaji alipotoka akasema maji yamepata njia, uvimbe umetoka karibu wote, sasa ni kungoja. Kabibi akapelekwa wodini, akapewa kitanda cha katikati. Wa kushoto alikuwa mtoto wa Takaungu na wa kulia wa Ngomeni, watoto wa Pwani wote wawili, wameletwa na jamaa zao kwa basi, vichwa vimefungwa bendeji kwa uvimbe ule ule.