Kola ya Karatasi ya Mahakama

Mjane mmoja mshonaji, mtaani wakimwita Mama Pindo, alikuwa na ugonjwa wa mafundi wengi: akiona karatasi ngumu, mkasi unamuwasha. Hivyo ndivyo alivyoikata amri ya mahakama akaifanya pateni, yaani kielelezo cha kukatia kitambaa, ya kola ya shati la shule. Alikuwa na haraka, na karatasi yenyewe ilikuwa nzuri mno, jamani!

Amri hiyo aliihangaikia miezi mitatu. Hakimu alimruhusu alipe kidogo kidogo mkopo aliomtibia marehemu mumewe, na akakataza mtu yeyote kuigusa cherehani yake, kwa kuwa ndiyo inayomlisha.

Asubuhi moja watu wawili wa mkopeshaji wakaingia dukani kwake bila hodi.

"Mama, leo tunabeba," alisema mmoja wao, mnene.

"Thubutu! Mahakama imewakataza."

"Karatasi iko wapi?"

Mama Pindo akapekua droo, akamwaga vifungo. Ndipo macho yake yalipotua msumarini, pateni zilipotundikwa. Alijilaani kimoyomoyo, akamnyooshea ile kola. Mnene akacheka hadi machozi, kisha akamzaba kofi lililombwaga juu ya meza.

Mwenzake akaikumbatia cherehani ainyanyue. Mama Pindo akalishika gurudumu, akang'ang'ana. Mnene akamponda vidole kwa pasi ya chuma, mara mbili. Viwili vikavunjika, vikalia kama vijiti. Mama hakuachia. Kwa mkono uliobaki akaupata mkasi, akaukita kwenye kiganja cha mnene hadi ukatokea upande wa pili. Damu ikachuruzika juu ya sare za watoto. Mimi simlaumu hata kidogo.

Jirani mwenye duka aliita polisi. Askari aliyekuja, aliposikia habari ya amri, akachakura gunia la mabaki ya vitambaa, akaokota vipande vya karatasi, akaviunga na kola mpaka muhuri ukaonekana mzima. Akasoma taratibu.

"Cherehani haitoki hapa," alisema. "Na nyie wawili mko chini ya ulinzi."

Mama Pindo alilia kwa furaha, vidole vikining'inia.

"Nawe pia, mama," askari akaongeza, akikitazama kile kiganja. "Sheria inalinda cherehani yako. Mkono wa huyu nao inaulinda. Twende."

Mama Pindo akamwomba jirani aifunike cherehani isiingie vumbi, maana hakujua angerudi lini.