Maoni Yangu Kuhusu Mlezi wa Mfalme

Nyongeza ya mchezo ilipotoka, nilikuwa nimeingoja kuliko nilivyowahi kumngoja mwanamume yeyote. Ni mchezo wa kompyuta wa mikakati. Unachagua ufalme wa kale kwenye ramani na kuuongoza kwa karne nzima. Unajenga, unaozesha mabinti, unapigana na majirani, unakufa, mtoto wako anaendelea. Miaka yote niliyoucheza, Ulaya ilikuwa imejaa rangi kama nguo za mitumba, na huku kwetu kukaachwa kijivu. Nyongeza hii ndiyo iliyoleta falme za Maziwa Makuu. Nikachagua Bunyoro, nikamwita Baba aje aone.

Baba alikuja polepole, mkono mmoja ukutani. Tangu apate kiharusi upande wake wa kushoto haumsikii. Alikaa, akaitazama ramani kwa makini ya mtu aliyetumia maisha yake akichungulia nyuzi kwenye mashine za kiwanda cha nguo huko Thika.

"Sisi tuko wapi?"

Nikamwonyesha mahali Theta, kijiji chetu, ingekuwa, kusini mwa mlima. Palikuwa pa kijivu.

"Hapa hakuna watu?"

"Wako, Baba. Lakini hawana mfalme, kwa hivyo mchezo unawahesabu kama ardhi tu. Mtu yeyote anaweza kuja achukue."

"Hawa walitengeneza hii kitu ni wa kutoka wapi?"

"Ulaya."

"Nilijua," akasema, akajiegemeza kitini. "Hata wakikuja walisema hivyo hivyo."

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Sidhani kuna mchezaji aliyetoa maoni mafupi na ya haki kuliko hayo, na nimesoma mengi sana, kwa kuwa nilikuwa na muda. Muda ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho kwa wingi katika nyumba ile.

Nyumba yenyewe ni ya mawe, ina vyumba vya kutosha, na ua wa kayaba, ile miti ya miiba, umeizunguka mpaka kwenye lango. Baba aliupanda kayaba wakati Theta ilikuwa mahindi na kahawa kila upande. Siku hizi majirani wamekata mashamba ploti, na ukisimama langoni unaona nyumba zilizoishia kwenye lenta, juu tu ya madirisha, na chuma zikichungulia juu. Mimi lango hilo nililijua vizuri. Nilikuwa nafika hapo, nanunua sukuma wiki kwa mama anayepita na kikapu, narudi. Nikienda dukani nilikuwa nakimbia, kweli kukimbia, mwanamke mzima na kandambili, kwa kuwa nilikuwa nikisikia kichwani kishindo cha mtu akianguka bafuni.

Kabla ya hapo nilikuwa na maisha yangu. Nilipima ubora wa juisi katika kiwanda kimoja cha Eneo la Viwanda, Thika, na nilikaa mtaa wa Landless, chumba kimoja chenye pazia katikati. Niliipenda harufu ya matunda iliyokuwa ikinifuata mpaka nyumbani. Nilizipenda hata zile kelele za majirani. Kisha Baba akaanguka, na Jumapili moja kukawa na kikao cha familia.

Ni lazima nieleze jinsi vikao vya kwetu vinavyofanya kazi. Watu hula kwanza, halafu wanazungumza mambo ya mvua na bei ya maziwa, na lile jambo lililowaleta linazungukwa kama shimo la choo. Kaka yangu mkubwa alikuwa amekuja na mkewe kutoka Ruiru, na shangazi yetu, dada ya Baba, alikuwa ameketi karibu na mlango. Hakuna aliyeniuliza chochote. Giza lilipokaribia, kaka akasema tumalizie kwa maombi, tukainamisha vichwa. Akaomba vizuri, ana sauti. Akamshukuru Mungu kwa chakula, kwa safari, kwa uhai wa mzee. Halafu akasema, "Na tunakushukuru, Bwana, kwa ajili ya dada yetu, ambaye amekubali kwa roho safi kubaki hapa na Baba."

Sasa niambie mtu hufanya nini hapo. Kwetu hakuna anayefumbua macho katikati ya maombi ya mwenzake na kusema samahani, hilo si kweli. Ingekuwa kama kumkatiza Mungu mwenyewe akisikiliza. Wote wakasema amina, na mimi nikasema amina, kwa mazoea tu, mdomo ukiniponyoka. Tuliposimama shangazi alinikumbatia huku akilia, akaniita mtoto wa baraka. Juma lililofuata nikarudisha ufunguo wa chumba changu Landless.

Basi nikawa mtu wa kompyuta. Nilikuwa nachapa mahojiano ya watu wa mbali asubuhi, na mchana Baba akilala nacheza. Niko katika kundi la simu la wachezaji wa Thika na Ruiru, karibu wote vijana, wananiita madam. Nyongeza ilipotoka kundi liliwaka moto. Mmoja alisema muziki ni mtamu. Mwingine akasema ramani ni nzuri lakini kompyuta yake inapata joto mpaka anaweza kukaanga yai. Ila ugomvi mkubwa, huku kwetu na katika majukwaa ya wachezaji wa dunia nzima, ulikuwa juu ya kitu kimoja kipya, mlezi.

Inakuwa hivi. Mfalme wako akiugua ugonjwa wa kudumu, mchezo unakutaka uchague mtoto wake mmoja awe mlezi. Mlezi anakaa ikulu. Hawezi kuongoza jeshi, hawezi kupewa jimbo, hawezi kuolewa wala kuoa. Kila mtoto ana alama zake za akili, ushujaa na ushawishi, na za mlezi zinaganda palepale alipoteuliwa. Ukijaribu kumtoa, onyo jekundu linakutokea kwamba ufalme utayumba.

Wachezaji walichukia. "Hiyo expansion ni ya bure kabisa," aliandika kijana mmoja wa Ruiru kundini. "Mlezi anakaa tu ndani ka mboch, hana kitu anado." Mboch ni msichana wa kazi za nyumbani.

"Si uweke yule hana maana," akamjibu mwenzake. "Stress ya nini?"

Na hata kwenye majukwaa makubwa ushauri ulikuwa huohuo, ila kwa lugha ya kisomi. Mchezaji mmoja anayeheshimiwa sana aliandika maelezo marefu yenye picha. Alisema usipoteze mtu mzuri kitandani. Panga watoto kwa alama, shuka mpaka chini kabisa, chagua huyo wa mwisho, kisha msahau. Watu wengi walimshukuru.

Nilisoma maelezo yale jikoni nikiwa nimesimama, uji wa Baba ukiwa motoni. Nilikiona kile kikao upya, na safari hii nilikiona kama kaka yangu alivyokiona: yeye ana mke, ana watoto, ana duka la vifaa vya ujenzi Ruiru. Mimi nina chumba chenye pazia na mchezo. Alishuka mpaka chini kabisa. Nilikasirika hivi kwamba uji ukaungua, na Baba akaula bila kusema neno, jambo lililonikasirisha zaidi.

Juma hilohilo ndipo simu ilipoita. Alikuwa msimamizi wangu wa zamani kiwandani. Mtu aliyeshika nafasi yangu alikuwa anaondoka, na yeye alinitaka mimi kabla hawajaitangaza. "Lakini uniambie kabla ya Ijumaa," akasema. "Nikichelewa wataleta mtu wao." Niliongea naye nikiwa nyuma ya tanki la maji, kwa sauti ya chini, kama msichana anayeongea na mvulana. Nilimwambia nitampigia. Sikumpigia siku hiyo wala iliyofuata. Nilichokifanya ni kuingia ndani na kufungua Bunyoro.

Alhamisi mchana Baba hakulala. Alikuja akaketi kando yangu. Mfalme wangu alikuwa mgonjwa tayari, na mlezi wake alikuwa binti. Sikuwa nimemchagua kwa hila. Alikuwa na alama za chini kweli.

"Huyu msichana hapa kando ya kitanda ni nani?"

Nikamweleza. Nilianza nikitaka kueleza kidogo tu, lakini nikajikuta nimemwambia yote: kuganda kwa alama, jeshi, ndoa, na ushauri wa wachezaji kwamba anayewekwa hapo ni yule asiye na faida kwingine. Baba alisikiliza mpaka mwisho. Macho yake yalikuwa kwenye skrini.

"Na wewe ndio waliniwekea," akasema.

Baba huniita maitu, yaani mama, kwa sababu nimepewa jina la mamake. Kumdanganya ni kazi ngumu.

"Na akitoka?"

"Ufalme unaanguka. Wanasema wote."

"Nani amejaribu?"

Katika maoni yote niliyoyasoma hakuna hata mmoja aliyesema nilimtoa nikaona hivi. Wote walikuwa wameliona lile onyo jekundu wakarudi nyuma.

"Jaribu," akasema Baba.

Nilibofya. Onyo likaja, nikalipita. Nikampa binti jimbo dogo la kaskazini, penye chumvi. Tukaacha miaka ipite. Waziri mmoja alinung'unika, na ndugu zake wakatuma ujumbe wa kulaumu. Heshima ya ikulu ikashuka kidogo, kisha ikatulia. Mfalme hakufa. Alikaa pale na ugonjwa wake, akasaini mkataba mmoja na Buganda, na aliendelea kuishi kwa muda wa kutosha kunishangaza. Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kiti. Nilikuwa na furaha na nilikuwa na hasira, yote pamoja, kwa jinsi ilivyokuwa rahisi.

"Anakula nini huyo mzee?" Baba akauliza.

"Mchezo hausemi."

"Ile simu ya nyuma ya tanki ilikuwa ya nani?"

Nikamwambia. Aliuliza nimejibu nini, nikasema bado. Aliuliza siku ya mwisho ni lini, nikasema kesho. Nilingoja aseme nenda, kama wazazi wa hadithini, au aseme usiniache. Hakusema hata moja.

"Kwa Ruiru siendi," akasema. "Huko wataniweka chumba cha nyuma na televisheni. Nikikohoa watoto wanaambiwa wasisumbue guka, babu yao. Naogopa hiyo nyumba, maitu. Kama ni kubaki, nabaki kwangu."

"Na nani?"

"Huyo mama wa sukuma amekuwa akiuliza kazi ya mchana. Jioni wewe unarudi, ama hurudi. Asubuhi niko mwenyewe." Akasimama, mkono ukutani. "Kuja unionyeshe hiyo meko."

"Baba, hiyo meko huwezi."

"Umejuaje?"

Akatangulia jikoni. Alifika, akaangalia mtungi wa gesi, akageuka. "Leta ile kichwa yake. Unafichanga juu ya kabati yako. Niliiona kitambo."

Ni kweli nilikuwa naificha. Kila nilipotoka, hata kufika langoni tu, nilikuwa naichomoa ile rejuleta, kichwa cha mtungi, na kuipeleka chumbani, asije akajaribu kuwasha akaunguza nyumba. Tangu augue hakuwa amejichemshia hata maji. Nilidhani mimi ndiye niliyekuwa nimefungiwa humo ndani.

Niliileta. Nilitaka kuifunga mimi, akanisukuma na bega. Akaibana kwa kiganja cha kulia, akaizungusha, akasikiliza kama kunavuja. Kisha akaweka kiberiti kwenye ukingo wa sinki, akakikandamiza kwa mkono wa kushoto ambao hauna nguvu lakini una uzito, akapiga njiti. Ikavunjika. Akapiga nyingine, ikazimika. Nilikuwa nimesimama mlangoni nimeshika fremu, na nilijiambia nangoja nimsaidie. Halafu nikajua, na iliniuma kujua, kwamba nilikuwa nangoja ashindwe. Akishindwa, kesho ningempigia msimamizi nimwambie haiwezekani, na tena usingekuwa uamuzi wangu. Ningebaki kwa roho safi.

Njiti ya tatu ikawaka. Akafungua gesi, moto ukashika kwa ule mlio wa pufu, na wote wawili tukarudi nyuma. Akaweka sufuria. Akamimina maji, mengine yakaenda sakafuni. Akatia majani kwa kukadiria, mengi kupita kiasi.

Alikuwa amenipa mgongo. Shati lilikuwa limetoka kwenye suruali upande wa kushoto, na sikulirudisha.

"Si ulisema ni kesho," akasema. "Piga leo. Mimi nangoja chai."