Nati Nne za Ijumaa Jioni

Kwanza mnisamehe kwa mwandiko. Niliishia darasa la saba, na mkono wangu huenda polepole, kwa hiyo herufi nyingine zimelala na nyingine zimesimama. Mahali nilipokosea herufi, msomaji aisahihishe mwenyewe na kuendelea. Dada anayetunza daftari la kundi letu alitaka kuniandikia, nikakataa, kwa sababu habari hii ni yangu na aibu yake ni yangu.

Nawaandikia nyie mliotumika kwa kujitolea kama sisi, huko mliko, ambao hatujaonana. Mnajua mpango ule ulivyokuwa: vijana wa Kiyahudi kutoka ng'ambo wanakuja miezi miwili, wanafanya kazi ya mikono pamoja na vijana wa mahali, asubuhi wanasoma nao, halafu wanarudi kwao. Kwetu walikuja kiangazi, wakachimba nasi kisima Kabungu na kukiwekea pampu ya mkono. Kabla hawajafika, watu walibishana kama Wayahudi bado wapo duniani au ni wa kwenye Biblia tu. Bibi yangu aliwauliza kama kwao wanaijua habari ya Musa. Waliposema wanaijua aliridhika, akawaletea kambale mkavu. Hawakumla, maana samaki asiye na magamba ni mwiko kwao, na bibi hakuwasemesha siku nzima mpaka tulipomweleza.

Walipoondoka tulibaki saba tuliotumika nao, na hatukutaka kutawanyika. Tulikutana kila mwezi katika darasa moja la shule ya Kabungu. Mwenyekiti wetu ni fundi baiskeli wa Makanyagio, na kila mwezi alikuja na baiskeli tofauti, ya mteja. Tulishika mambo matatu tuliyojifunza kwa wale wageni, dada akayaandika ukurasa wa kwanza wa daftari. La kwanza, jua likizama Ijumaa, kazi ya kundi inasimama mpaka nyota zionekane Jumamosi. La pili, kwenye shauri lolote aliye mdogo kuliko wote anasema kwanza, ili asije akawafuata wakubwa. La tatu lilitushangaza zaidi. Wazee wao wa zamani walipohukumu mtu kwa kosa la kunyongwa, kama wote walimwona ana hatia na hakupatikana hata mmoja wa kumtetea, hukumu haikupita. Hilo tulilisoma chini ya turubai, wawili wawili, tukabishana mpaka chai ikapoa. Sisi tuliliweka hivi: wote wakikubaliana, shauri linalala, kesho linarudiwa.

Watu walitucheka, wakatuita Wasabato wapya. Mama mmoja anayeuza maandazi karibu na shule alituuliza, kama Jumamosi tunapumzika na Jumapili tuko kanisani, tutalima lini. Hatukujali. Mimi hasa sikujali. Kwangu siku ile ya mapumziko ilikuwa kitu cha kwanza nilichokishika kwa hiari yangu, bila kutumwa na baba wala mwalimu.

Kati ya wale saba, mdogo kuliko wote nilikuwa mimi. Aliyenifuata kwa umri alikuwa Msukuma, na ndiye tuliyepangwa naye zamu ya kutunza pampu. Familia yake ilikuja na ng'ombe kutoka kaskazini, ikajenga pembeni mwa Kabungu. Wenye mashamba ya mahindi hawakuwapenda. Mtendaji wa kijiji alikwisha kuwaonya mara moja kwamba likitokea jambo jingine, watahama na mifugo yao. Nyumba yao ilitegemea kile kisima kwa maji ya kunywa na kupika. Kwa ng'ombe walikuwa na lambo lao la matope upande wa pili, na walikatazwa kuwaleta kisimani. Rafiki yangu aliingia kwenye kundi letu watu wakinong'ona, na mama yake alifurahi sana. Kila nikifika kwao asubuhi alinisalimu kwa Kisukuma, mwangaluka, akacheka ninavyoitikia.

Ilikuwa Oktoba, joto kali, mvua hazijafika. Ijumaa ya zamu yetu tulipanga tukutane kisimani saa tisa. Rafiki yangu alituma ujumbe kwamba ndama wawili wamepotea, nitangulie. Nilingoja hata hivyo, nikakaa kivulini mpaka saa kumi na moja. Ndipo nikaanza peke yangu. Nilifungua nati nne zinazoshika mhimili wa mpini, nikautoa, nikaupaka grisi, nikaurudisha. Nati nilizirudisha kwa vidole. Nilipochukua spana ili nizikaze, niliona jua limegusa miti.

Ilikuwa kazi ya dakika mbili. Nilisimama na spana mkononi. Nilijisemea kwamba wale vijana wa ng'ambo waliweka majembe chini hata shimo likiwa limebaki shubiri moja. Nikatia spana kwenye mfuko, nikaenda nyumbani, na njia nzima nilijiona mtu mwema. Sikumwambia mtu kwamba nati hazijakazwa. Niliona vidole vyangu vinatosha mpaka Jumapili.

Jumamosi alasiri mpini ulichomoka mikononi mwa mama mjamzito, akaanguka chali. Hakuumia, Mungu alimsaidia. Lakini mhimili ulikuwa umetoka, na fimbo na mabomba yake viliteleza vyote vikaanguka ndani ya kisima. Nilipofika watu walikuwa wamejaa na ndoo tupu. Nati nilizoziona mimi zilikuwa kwenye tope, nzima, hazina hata alama. Wengine hawakuangalia nati. Waliangalia kwato. Kulikuwa na kwato za ng'ombe kuzunguka pampu yote.

Rafiki yangu alikubali kwamba mchana ule ng'ombe wake walipita pale, walikuwa na kiu wakamshinda, akawageuza kwa fimbo kabla hawajagusa kitu. Mzee mmoja mwenye shamba akamwuliza kama ng'ombe wa Kisukuma siku hizi wanaelewa Kiswahili. Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Mtendaji alisema pampu ni ya kundi letu, basi kundi lilete neno lake ofisini Jumanne. Tukisema ni ng'ombe, familia ile haitachota tena na itahama kabla ya mvua. Kila mtu alisikia, na mama yake pia alikuwepo.

Tulikaa Jumapili baada ya misa. Mwenyekiti alieleza mambo yalivyo, akanigeukia, maana mimi ndiye wa kuanza. Nilijua la kusema. Nilikuwa nimelisema njiani mara nyingi, nikiwa peke yangu. Lakini nilipoona wote wananitazama, lililotoka kinywani lilikuwa hili: kwamba ng'ombe walipita pale, kwato nimeziona. Ilikuwa kweli, na ndiyo maana ilinitoka kwa urahisi. Waliofuata walilishika neno langu wakaliongezea. Mmoja alisema hata mimi, rafiki yake wa zamu, nimeshindwa kumtetea. Watu sita tukasema kitu kimoja. Yeye alikaa kwenye dawati la mwisho, akiangalia mikono yake.

Mwenyekiti alitaka kufunga kikao. Dada akafungua ukurasa wa kwanza wa daftari.

"Wote sita tumekubaliana," alisema. "Basi halipiti leo."

"Dada, ile ni sheria ya watu wa kunyongwa," mwenyekiti alimjibu. "Hii ni pampu."

"Kunyongwa na kunyimwa maji mwezi huu, wewe nionyeshe tofauti yake."

Mwenyekiti alilalamika kwamba amefunga duka, kwamba mwenye baiskeli aliyokuja nayo anaingoja, kwamba sisi tunacheza bunge. Mwisho alikubali. Shauri likalala mpaka Jumatatu saa kumi.

Jumatatu asubuhi rafiki yangu alinikuta njiani nikipeleka mahindi mashineni. Alichukua ncha moja ya gunia bila kuombwa, tukalibeba pamoja. Kisha akaniambia kwamba nyumbani wameanza kufunga vitu, baba yake hangoji kufukuzwa, na kwamba leo tena mimi ndiye nitakayeanza. Alisema neno moja tu la kumtetea lingetosha, wengine wangeweza kulifuata kama walivyofuata la jana. Nilisema nitaona.

Akaniuliza, "Ile Ijumaa, zile nati ulizikaza?"

"Nilizikaza," nikasema.

Hakuniuliza tena. Tulifika mashineni, tukalitua gunia, akarudi kwao. Alinikung'uta vumbi la mahindi begani kabla ya kuondoka, na mpaka leo sijui kwa nini nakumbuka hilo kuliko mengine.

Saa kumi tulikaa tena. Nje ya darasa kulikuwa na watu, maana habari ilikwishaenea, na mama yake alisimama dirishani. Mwenyekiti aliniambia, "Haya, bwana mdogo, anza, jua halitungoji." Nilisimama. Kwenye kikao chetu hakuna anayesimama, tunasema tumekaa, kwa hiyo wote walinigeukia. Nikashika dawati.

Nilisema hivi, na dada aliyaandika kama yalivyo: "Nati sikuzikaza. Jua lilizama nikaziacha. Ng'ombe hawakufanya kitu."

Mmoja wetu alicheka, akidhani namtania. Alipoona sicheki akauliza kama nimeangusha mabomba kisimani kwa ajili ya Sabato. Mwenyekiti alinitaka nirudie, nikarudia, na mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi. Akaniuliza mbona jana sikusema. Dirishani mtu aliwatafsiria wengine kwa Kisukuma.

Rafiki yangu alikuwa bado kwenye dawati la mwisho. Mwenyekiti alimwuliza ana neno gani. Alisema, akiniangalia mimi:

"Asubuhi nilikuuliza."

Basi.

Mwenyekiti hakungoja Jumanne. Alipanda baiskeli ya mteja jioni ileile, akaenda kwa mtendaji kumwambia kosa ni la kundi. Familia ile ikaachwa ichote maji kama wengine, pampu itakapopona. Kuhusu mimi, wawili walitaka nitolewe kwenye kundi, dada akanitetea, mwenyekiti akasema nibaki lakini niende nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Nilienda nyumba zote. Yule mama mjamzito alinipa kiti. Mama wa rafiki yangu hakunisalimu kwa Kisukuma, alinisalimu kwa Kiswahili, kama mgeni.

Kutoa yale mabomba ilikuwa kazi kubwa. Tulivuta kwa kamba wanaume kumi, tukashindwa. Jumatano rafiki yangu alikuja na maksai wanne bila kuitwa, akawafunga kwenye kamba, akawaongoza polepole, na mabomba yakatoka. Walewale waliocheka habari ya ng'ombe walishika kamba wakiwapigia mluzi. Alipomaliza aliwafungua akaenda zake. Nilimkimbilia nikaanza kusema, akaniambia nisubiri, maksai wana kiu. Nilisubiri. Hakurudi.

Hakuja tena kikaoni. Mvua zilipoanza, familia ilihama kwa hiari yao kuelekea bonde la Rukwa, hakuna aliyewafukuza. Wengine walisema walifuata malisho tu. Huenda ni kweli. Mimi sijaamini.

Dada aliandika barua kwa mama wa ng'ambo aliyekuwa kiongozi wa wale wageni, akamweleza yote. Jibu lilifika na treni baada ya miezi mitatu. Alisema kwamba kwao jambo la kuokoa uhai wa mtu huisukuma Sabato pembeni, na kisima cha kijiji ni uhai. Lakini alisema pia kwamba hilo si neno la kwanza la kuniambia. Neno la kwanza ni kwamba anayejua jua linazama saa kumi na mbili haanzi kazi saa kumi na moja. Mwenyekiti alicheka mpaka akafuta macho, akanitaka nilisome kwa sauti mara mbili. Tuliliongeza kwenye daftari: zamu ya pampu ni Alhamisi.

Bado tunakutana, sasa tuko sita. Bado naanza mimi kusema. Nikiulizwa jambo, husikia lile swali la njiani kabla ya swali nililoulizwa.

Nimesikia kwamba karatasi hizi zinazotumwa kati ya makundi husomwa na waliotumika sehemu nyingi, hata huko bondeni alikohamia mwenzetu. Kama wewe mwenye maksai unasoma, au unasomewa, nakuomba unijibu. Hata mistari miwili, hata ya kunitukana. Na nyie wengine ambao hamnijui, andikeni pia, kupitia kundi kama kawaida. Niambieni kama kwenu amewahi kutokea mtu aliyemnyima mwenzake neno moja, na alifanya nini baadaye ili aweze kukaa naye tena darasa moja. Msiogope kuandika vibaya. Nitasoma polepole, lakini nitasoma zote, na kila moja nitaijibu kwa mkono wangu.