Kompyuta Iliyokuwa Ikinisahau

Kwa muda mrefu kompyuta yetu ilikuwa ikiniuliza kila asubuhi mimi ni nani. Jana yake nimeingia kwenye tovuti ya kujazia alama za wanafunzi, nimebonyeza pale panaposema nikumbuke, kivinjari kimekubali. Leo nikikifungua, ni kama hatujapata kuonana. Naandika paswadi upya, nangoja namba ya kuthibitisha ije kwenye simu, nayo huja inapojisikia. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, nimezoea kusahauliwa na madarasa mazima, lakini mashine niliyochangia kuinunua sikuitarajia.

Nikaipeleka kwa fundi mmoja Changamwe. Alisema ni virusi, akaitibu virusi, na kesho yake ikanisahau vilevile. Nilipomrudia akasema basi ni uzee. Nikaamua kujisomea mwenyewe, na hapo ndipo nilipojua habari za vidakuzi, yale maandishi madogo ambayo tovuti huyaacha ndani ya kivinjari ili ikutambue ukirudi. Vyangu vilikuwa vinapotea kila siku. Nikarekebisha saa ya kompyuta, nikaweka toleo jipya la kivinjari, nikaondoa programu moja iliyojigamba kwamba inasafisha takataka. Wapi. Mwishowe, ndani kabisa ya mipangilio, nikakuta swichi inayosema kila kitu kifutwe dirisha linapofungwa, nayo imewashwa. Mashine haikuwa na ugonjwa wowote. Ilikuwa inatii amri.

Sasa, nyumba yetu ya Port Reitz ina watu wawili, kwani watoto wako shule ya bweni. Mimi sikuiwasha. Alibaki mume wangu, mtu wa bara aliyekuja pwani kufanya kazi kwenye yadi ya makontena na akanioa mimi. Kila jioni hukaa na kompyuta hiyo, amechomeka nyaya masikioni, na nikimuuliza husema anasikiliza habari. Nikajiuliza ni habari gani hizo ambazo mtu akimaliza kuzisikiliza lazima afute nyayo. Damu ilinichemka. Lakini yeye sikumuuliza. Nilifanya lililo baya zaidi, nikampigia mama.

Mama anaishi Frere Town, walikoishi babu zetu na babu zao, na Kiswahili chetu tunakionea fahari kuliko nyumba zenyewe, ambazo zingefaa kupakwa rangi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akatoa hukumu: huyo ana mpango wa kando. Akatuamuru tukale kwake Jumapili baada ya ibada, akasema atamuuliza yeye mwenyewe uso kwa uso.

Hapo lazima nieleze jinsi mama na mkwe wake walivyokuwa. Siku ya kwanza mume wangu alipokuja kwetu, alikaribishwa kiti, akakaa, akamwambia mama, "Nataka maji." Kwao hayo ni maneno ya kawaida ya mtu mwenye kiu. Kwetu ilikuwa kama amepandisha miguu mezani. Tulicheka mpaka machozi, na tangu hapo kila akifika mama humpokea mlangoni kwa kumuuliza leo anataka au anaomba. Naye hucheka pamoja nasi. Kisa hicho nimekisimulia shuleni mara nyingi, na najua kukisimulia vizuri.

Basi nikaizima ile swichi nikangoja. Jumamosi asubuhi, yeye akiwa kazini, nikafungua kumbukumbu za kivinjari. Jioni nzima ya jana ilikuwa pale, imepangwa mstari kwa mstari. Alikuwa ametafuta namna ya kuomba maji kwa adabu. Alikuwa ametafuta salamu za pwani na majibu yake, na jinsi ya kuzungumza na mama mkwe wa Mombasa. Mwanamke alikuwepo, ni kweli, mmoja tu: bibi mzee kwenye video, amevaa miwani, anafundisha watu kuamkiana. Mume wangu alikuwa amemrudia mara nyingi kuliko ninavyomrudia mwanafunzi wangu mzito wa kuelewa kuliko wote.

Nilifurahi, kisha nikaona aibu, kisha nikakumbuka Jumapili. Nikampigia mama kumwambia nilikosea, ni kompyuta tu iliyokuwa mbovu. Kama ningemweleza zaidi ya hapo, ningekuwa nimemkabidhi siri ambayo mume wangu alikuwa akiifuta kila usiku ili isimfikie mama. Mama akasema hivyo ndivyo wanavyosema wake waliokwisha kubembelezwa, na kwamba samaki wameshanunuliwa. Nikaiwasha tena ile swichi, nikaiacha ifute itakavyo.

Jumapili tukafika. Mama alikuwa amekaa sebuleni na gauni lake la kanisani, uso umekunjwa kwa kazi iliyo mbele yake. Mume wangu, asiyejua lolote, akainama kidogo.

"Shikamoo, mama. Umeamkaje? Waonaje hali, na nyumbani wote wazima?"

Mama akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu aliyeshtuliwa. Mume wangu akakaa, akatulia kidogo kama bibi wa kwenye video anavyotulia, halafu akasema, "Mama, nilikuwa naomba maji ya kunywa, kama haitakuwa taabu kwako."

Mama hakumuuliza kama anataka au anaomba. Alinigeukia mimi, na nikaona machoni mwake kwamba ushahidi alioutafuta ameletewa mpaka mlangoni.

"Umesikia?" akasema. "Maneno haya hakuja nayo kutoka bara. Ni mwanamke gani wa pwani aliyemfunza?"

Mume wangu akanitazama. Bado alikuwa na tabasamu la mtu aliyemaliza mtihani, na lilikuwa linaanza kumpotea. Nikaona akijaribu kuelewa mwanamke ametokea wapi, na nikajua kwamba akilazimishwa kujieleza atamtaja yule bibi wa miwani, hapo hapo, mbele ya mama.

"Mimi," nikasema. "Namfunza mimi, mama. Jioni."

Mume wangu akashusha macho. Alikuwa ameelewa kwamba najua.

Mama akanikazia macho, na ile hasira aliyomwandalia mkwe wake nikaiona ikihama kuja kwangu.

"Watoto wa watu unawafunza kila siku," akasema. "Huyu miaka yote hii ukamwacha aje hapa tumcheke. Kwa nini?"

Mama hakungoja jibu. Aliinuka mwenyewe, akaenda jikoni kumletea maji.