Dora na Kesi ya Tarumbeta

Addolorata Lacasella, ambaye mitaa yote ya mji mkongwe wa Bari, Italia, humwita Dora, alikata nywele za wanawake wenzake mpaka mikono ikaanza kutetemeka. Alipofunga saluni, kilichomtesa ni ukimya. Alizoea soga la kutwa. Sasa alibaki na redio, nayo haijibu. Siku moja akamsindikiza jirani aliyekwenda kutoa ushahidi mahakamani, akakaa benchi la nyuma, na tangu hapo hakubanduka. Kila asubuhi alivaa hereni, akapaka rangi ya mdomo, akaenda kusikiliza kesi za jinai kama wengine wanavyokwenda misa.

Huko ndiko alikokutana na Oronzo, tarishi mstaafu aliyekuwa na la kusema juu ya kila wakili. Walikaa bega kwa bega, wakitafuna tarali, vile vibiskuti vigumu vya mduara, na kubishana kwa kunong'ona.

Ikaja kesi ya Cosimo Zaccaria, mpiga ngoma wa bendi ya kanisa, aliyeshtakiwa kwa kuiba tarumbeta kubwa kuliko yote ya bendi, lile lenye mdomo mpana kama beseni. Shahidi mkuu, Pasquale Lovreglio, alidai alimwona Cosimo akipita nalo chini ya roshani yake mchana wa Agosti, watu wote wamelala usingizi wao wa mchana.

"Huyu keshakwisha," Oronzo alinong'ona. "Na wakili wake ndiyo kale kabinti? Kazi ipo!"

"Kabinti kana macho. Hebu tulia," alisema Dora.

Wakili Mirella Putignano akasimama. Dora alizoea mawakili wa kunguruma na kupiga meza. Huyu aliuliza kwa upole, kama anayemkaribisha mgeni.

"Jua lilikuwaje siku hiyo, bwana Lovreglio?"

"Weee! La kuua mtu."

"Pole. Na mwizi alilivumiliaje?"

"Mjanja yule! Aliligeuza tarumbeta akajivika kichwani kama kofia. Likamfunika mpaka hapa." Pasquale akajigusa mabega, akifurahia kicheko cha watu.

"Asante. Sina swali lingine." Mirella akaketi.

Damu ikampanda Dora. Amekaa! Kichwa kizima kimemezwa na shaba, na hamuulizi alimtambuaje? Akafungua kinywa, "Muul..." Oronzo akamsokomeza tarali mdomoni. Hakimu alipoinua macho, alimkuta bibi mmoja anatafuna kwa heshima zote, mashavu yamevimba.

Mwendesha mashtaka, jasho likimtoka, akarukia kuziba pengo. "Shahidi, sasa ulijuaje kwamba ni Cosimo?"

"Kwa mwendo! Si mnaona anavyochechemea?"

Hapo Mirella akainuka taratibu, akaomba aitwe daktari aliyemfunga Cosimo mguu. Daktari akaeleza kwamba Cosimo alianguka kutoka kwenye ngazi akichuma zeituni, mwezi wa Novemba, miezi mitatu baada ya wizi. Agosti alikuwa anatembea vizuri kama mtu yeyote.

Ukumbi ukalipuka. Jioni ile Cosimo aliachiwa huru, akalia, akambusu mama yake, wakili wake, askari wa mlangoni, na hata Oronzo.

Dora, Oronzo akimfuata nyuma, alimkuta Mirella kwenye mkahawa wa ng'ambo ya barabara.

"Mwanangu, nusura nikurukie pale! Kwa nini hukumuuliza?"

Mirella akacheka. "Ningemuuliza mimi, mama, angejihami. Angesema alimwona uso kabla hajajifunika. Akiulizwa na wa upande wake, anajiachia."

"Na kama wasingemuuliza?"

"Hakimu angebaki na mwizi asiye na uso. Kwangu sawa tu."

Mirella alipoaga na kuondoka, Dora akabaki akikoroga kahawa yake. Akawakumbuka wateja wake: siri nzito kuliko zote alizipata siku ambazo mdomo wake ulijaa vibanio vya nywele, hawezi hata kusema "ehe".

"Bi Dora, vipi? Unaumwa?" Oronzo akauliza.

Dora akamtazama tu, akitabasamu.

"Maana ukinyamaza unanitisha. Umechoka? Umenikasirikia kwa lile tarali?" Oronzo akakohoa, akazungusha kikombe. "Sawa, basi nitasema. Hizi kesi, nusu yake zinanitia usingizi. Mimi huja kwa sababu wewe huwa upo pale."

Masikio yake yakawa mekundu. Dora, ambaye maisha yake yote hakuwahi kukosa jibu, alivuta kiti chake karibu kidogo, akasubiri aendelee.